Damu ya Selina Kwenye Chumba cha Sangara

Asubuhi hiyo ya Jumatano Machibya alikuwa amemchoma sangara kipimajoto tumboni, anamsubiri aseme ukweli. Samaki anaweza kukudanganya kwa macho, anaweza kukudanganya kwa mashavu, lakini ukimtia kipimo tumboni lazima akiri amelala wapi. Huyu alikiri. Nyuzi tisa.

"Huyu kalala kwenye mtumbwi bila barafu ya kutosha," Machibya akawaambia akina mama wapya wa meza ya minofu, waliokuwa wamesimama wanatetemeka ndani ya mabuti ya mpira. "Sasa shikeni neno moja tu. Baridi haijawahi kuharibu kitu hapa duniani. Kinachoharibu ni joto."

"Tumeshika, Baba Barafu," akajibu Mhoja, mkata minofu wa siku nyingi, bila kuinua kichwa. Akina mama wapya wakachekea kwenye vitambaa vyao vya mdomo.

Jina hilo lilikuwa na historia yake. Tangu serikali iruhusu kila mwenye mtaji afungue biashara, viwanda vya minofu vilikuwa vimeota Mwanza kama uyoga. Kwenye kimoja cha pale Igogo, Machibya aliingia kama mbeba mabonge ya barafu, akapanda mpaka akawa msimamizi wa vyumba vyote vya baridi. Sasa mtu mzima na cheo chake huwezi kumwita jina hivihivi, lazima awe baba fulani. Na yeye na mke wake Selina walikuwa na miaka kumi na mbili ya ndoa, fulani hakuna. Basi wenzake wakamtafutia mtoto, wakampa Barafu. Hakununa. Kilichomkera ni kwamba mwaka uliopita utani ule ukageuka kweli tupu.

Ilikuwa hivi. Ng'ombe wa baba yake waligeuka tiketi, yeye na Selina wakaenda Bombei kwa daktari mmoja ambaye tajiri wa kiwanda alimfahamu. Daktari akachukua mayai ya Selina, akayakutanisha na mbegu za Machibya kwenye kichupa, vikapatikana viinitete vitatu. Kimoja akakipandikiza, hakikushika. Viwili akavigandisha. Akasema pumzikeni kwanza, mkiwa tayari mtarudi. Mayai mengine kwa Selina hayapo tena, alishatimiza miaka thelathini na tisa na yaliyopatikana ndiyo hayo. Vile viwili vilikuwa ndio mwanzo na ndio mwisho.

Mama yake Machibya, Bi Kashindye wa Usagara, aliposimuliwa aliacha kula mpaka ugali ukapoa. Halafu akauliza, "Na umeme wa huko ukikatika?"

Jumapili iliyofuata mama akasimama kanisani na kuomba waumini wawakumbuke wajukuu zake wawili walioko kwenye balafu ya Wahindi. Jumatatu Igogo nzima ilikuwa inajua.

"Baba Barafu, watoto hawajambo?" Mhoja alikuwa anauliza kila asubuhi.

"Hawajambo."

"Wameshaota meno?"

"Mhoja, kata samaki."

Sasa siku zao zilikuwa zimefika. Selina alikuwa anameza vidonge walivyopewa Bombei, siku kumi na mbili, vya kuliandaa tumbo la uzazi liwe nene na laini, kama unavyotandika kitanda kabla mgeni hajafika. Lakini daktari hakutaka kuamini vidonge kwa maneno. Aliandika barua: siku ya kumi na mbili damu ipimwe, aangaliwe homoni mbili. Ya kwanza ilitakiwa iwe imepanda, izidi mia mbili. Ya pili ilitakiwa iwe bado imelala, isifike moja. Ya pili ikiamka mapema, mlango wa tumbo la uzazi unakuwa umeshafunguliwa na kufungwa kabla mgeni hajapiga hodi. Majibu yamfikie Ijumaa kabla ya jioni ya kwao. Yasipofika, mzunguko unaachwa. Na vidonge vilikuwa vya mzunguko mmoja tu.

Mwanza hakukuwa na pa kupimia homoni hizo. Nairobi palikuwepo. Na kila Jumatano saa kumi na moja jioni ndege ya minofu iliondoka Mwanza kupitia Nairobi. Machibya ndiye aliyekuwa anapakia. Ungesema Mungu mwenyewe amepanga ratiba.

Saa tatu asubuhi mlinzi akamwita getini. Nesi Agutu, mama wa Kijaluo kutoka Mara, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo, alikuwa amesimama na kichupa kimefungwa kwenye leso. Alikuwa ametoka kumtoa Selina damu kabla hajaingia darasani kufundisha.

"Shemeji, hii hapa," akasema. "Zahanati umeme wamekata, mashine yetu ya kuzungushia imelala. Kwa hiyo tutaiacha ijitenge yenyewe. Iweke imesimama, kivulini, mahali pa kawaida tu. Damu itakaa chini, maji ya njano yatakaa juu. Saa nane nakuja kuyachukua hayo maji, ndiyo yanayokwenda Nairobi. Barafu itakuja baadaye, kwenye maji. Mimi nawahi mzazi."

"Nesi, uko kwa mwenye kazi yake," Machibya akasema.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa mpaka mwisho."

Na kweli alielewa. Tatizo ni kwamba hakukubali. Alisimama na kile kichupa mkononi, bado kina uvuguvugu wa Selina, akatafuta mahali pa kawaida. Mahali pa kawaida ofisini kwake palikuwa na nzi. Akawaza: nesi anajua sindano, sikatai. Lakini baridi ni yangu. Damu kukaa kwenye joto saa tano, mchana huu wa Mwanza? Sangara akikaa saa tano anatupwa. Na watoto wenyewe je, si wameganda mwaka mzima, wazima, wanangoja tu? Kama mtoto ameganda na hajaharibika, damu ya mama yake itaogopa nini?

Akafungua mlango wa chumba kikubwa, kile cha nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri. Akakisimamisha kichupa katikati ya sangara wawili wakubwa, vizuri kabisa, kimesimama kama alivyoagizwa. Akawaambia wale samaki, "Mtunzeni." Akafunga mlango, akaenda kunywa chai, na chai ile ilikuwa tamu kweli.

Saa nane Nesi Agutu alirudi, kanga imelowa jasho. Machibya akamletea kichupa kwa mikono miwili kama anampa mchungaji sadaka. Nesi akakipokea, akakiachia papo hapo juu ya meza kwa sababu kilimuunguza kwa baridi.

"Shemeji. Hii ni nini?"

"Ni damu."

"Hili ni jiwe."

"Imeshika vizuri," Machibya akasema. "Na haikupasuka. Ningekuwa sijui kazi ingepasuka."

Nesi Agutu akavuta kiti, akakaa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoanza kumtia Machibya hofu, maana mama huyu alikuwa akisalimia tu watu wanageuka. Akasubiri jiwe liyeyuke. Likayeyuka. Wakaangalia wote wawili. Juu nyekundu, katikati nyekundu, chini nyekundu. Maji ya njano hayakuwepo hata ya dawa.

"Unaona?" nesi akasema. "Damu ina vifuko vidogovidogo. Ukivigandisha vinapasuka vyote, rangi inamwagika kila mahali. Nairobi wakipokea hii watauliza kama ni juisi ya zambarau."

"Lakini watoto..."

"Watoto waligandishwa na daktari, polepole, kwa dawa zake. Wewe umetumia nini?"

Machibya akaangalia mabuti yake. "Chumba kikubwa," akasema.

"Pamoja na nani?"

"Sangara."

Nesi Agutu akaangalia saa ya ukutani. "Ndege saa kumi na moja. Damu ikitoka sasa hivi, ikapewa saa moja ya kujitenga, tunawahi. Lakini lazima itoke kwa mwenyewe. Na mwenyewe lazima aambiwe. Na mimi simwambii."

Wakapanda pikapu ya kiwanda mpaka Butimba. Njiani Machibya aliomba nesi amsaidie hata sentensi ya kwanza. Nesi akamwambia ya kwanza ndiyo ngumu, kwa hiyo ni yake.

Selina alikuwa anafundisha darasa la tano. Machibya akasogea dirishani ameshika mfuko. Watoto wakamwona kabla ya mwalimu.

"Mwalimu, Baba Barafu yuko dirishani," akasema msichana wa mbele.

Selina akageuka, chaki mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, ambaye watoto walimwogopa kwa sababu hajawahi kupiga mtu.

"Nimekuletea mnofu," Machibya akasema.

"Mnofu. Saa nane na nusu. Darasani."

"Ni mnofu mzuri, Mwalimu." Alimwita hivyo hata nyumbani.

"Machibya, umefanya nini?"

"Ile damu yako. Imepata baridi."

"Imepata mafua?"

Darasa likacheka. Machibya akangoja limalize, na akatamani lisimalize.

"Imeganda," akasema. "Yaani nimeigandisha. Nilifikiri nainusuru. Nesi alisema kivulini, mimi nikaona kivuli hakitoshi."

Selina akaiweka chaki mezani. Akaifuta mikono yake kwenye sketi, kidole kimoja kimoja. Machibya alikuwa tayari kwa matusi, alikuwa tayari hata kwa dasta. Lakini Selina alimwangalia tu, na Machibya akajua kwamba ule utulivu wote ulikuwa umesimama juu ya kichupa kile kimoja.

"Siku kumi na mbili nameza vile vidonge," akasema kwa sauti ndogo. "Natapika, nameza. Kichwa kinapasuka, nameza. Halafu wewe umenichanganya na samaki."

"Nimekosa."

"Nesi yuko wapi?"

"Nyuma ya choo cha walimu. Alisema nianze mimi."

Selina akashusha pumzi, na ndani ya ile pumzi kulikuwa na kicheko kidogo kilichotoka bila ruhusa. "Mwambie atoke huko, kunanuka. Damu ninayo nyingine."

Akatolewa damu kwenye ofisi ya walimu. Mwalimu mkuu, Mzee Masalu, akasema hakumbuki waraka wowote wa wizara unaoruhusu jambo lile, halafu alipoona sindano akageukia ukuta na kuanza kusoma ratiba kwa sauti.

Kichupa kipya hakikupewa Machibya. Selina alirudi nacho darasani, akakisimamisha ndani ya boksi la chaki juu ya meza, kivulini.

"Darasa la tano, somo limebadilika," akasema. "Tunaangalia hiki. Hakuna kugusa. Na yule baba atasimama kule kwenye mlingoti wa bendera, akisogea mniambie."

Kwa hiyo Machibya alisimama mlingotini saa nzima, kofia mkononi, juani, kama mtoto aliyechelewa namba ya asubuhi. Kila aliposogeza mguu sauti arobaini zilisema, "Mwalimu, anasogea." Nesi Agutu alikuwa amekaa kwenye ngazi anakula karanga.

"Shemeji, vumilia," akamwambia. "Joto halijawahi kuua mtu mwenye makosa."

Saa kumi kasoro, yule msichana wa mbele akasema, "Njano, mwalimu." Darasa zima likasimama kuangalia. Damu ilikuwa imekaa chini imejikunja kama paka, na juu yake maji safi ya njano, kama mafuta ya alizeti.

Nesi akayavuta kwa sindano, akayatia kwenye kichupa kingine. Halafu akamwita Machibya.

"Hapa ndipo kazi yako. Utaiweka nyuzi ngapi?"

"Mbili mpaka nne. Kama minofu ya Ulaya." Ndicho kilichokuwa kinamuuma zaidi. Ile minofu inayopanda ndege haigandishwi hata siku moja, inapozwa tu, na miaka minane ni yeye aliyekuwa anawafokea watu kuhusu jambo hilo.

"Ikizidi?"

"Nitainywa mwenyewe."

Alikifunga kile kichupa kwa gazeti mara tatu, akazungushia barafu iliyosagwa aliyokuja nayo kwenye pikapu, akaweka gazeti tena ili barafu isikiguse, kwenye kikasha kidogo cheupe cha kutunza baridi. Selina alisimama juu yake akihesabu kila mkunjo. Mara mbili akamwambia afungue aanze upya. Mara mbili akafungua.

Uwanja wa ndege walifika saa kumi na nusu. Mkaguzi wa samaki alikuwa anapita na kalamu kwenye maboksi, akakuta kikasha kile juu ya mengine.

"Na hiki?"

"Hicho ni mke wangu," Machibya akasema. Alikuwa amechoka, hakuwa na akili ya kutengeneza maelezo.

"Aina gani?"

"Selina."

Mkaguzi akamwangalia, akaangalia ndege ambayo injini zilikuwa zimeshaanza kulia, akaona hakuna muda wa kubishana na mtu wa Igogo. Akaandika kwenye fomu: Selina, mmoja, mbichi.

Alhamisi hakuna aliyekula vizuri. Bi Kashindye alikuja kutoka Usagara na kuku wawili na hakuuliza kitu, lakini kila mara alikuwa anamwangalia mkwe wake tumboni kama anayeangalia sufuria.

Ijumaa saa tano wote watatu walikuwa kwenye ofisi ya faksi ya Wilhelmina, mtaa wa nyuma ya soko. Wilhelmina alikuwa mwanamke wa kwanza Mwanza kuwa na mashine yake mwenyewe ya faksi, na aliifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya mchungaji. Saa tano na dakika arobaini mashine ikalia, ikaanza kutema karatasi ya Nairobi polepole, mstari kwa mstari. Selina akaishika kabla haijamaliza kutoka.

Ya kwanza: mia mbili arobaini na moja.

"Imepanda," akasema. Machibya akamshika mama yake mkono.

Ya pili ikatoka. Selina akaisoma, akairudia.

"Moja nukta moja."

"Hiyo ni nzuri?" akauliza Bi Kashindye.

"Ilitakiwa isifike moja, mama."

"Na imefika?"

"Imefika, imepita kidogo. Kwa nukta."

"Nukta ni kubwa kiasi gani?"

Machibya akafikiri jinsi ya kumweleza. "Kama punje ya mtama."

"Mtu hawezi kurudishwa mlangoni kwa punje ya mtama," akasema mama yake.

"Inategemea iko wapi," Selina akasema. "Ikiwa jichoni unaisikia." Akakaa kwenye benchi na ile karatasi magotini. Halafu akasema, bila kumwangalia mtu, "Anayejua ni daktari. Tumwandikie."

Akaandika kwa Kiingereza, mwandiko wa ubao, mistari minne. Namba ya kwanza. Namba ya pili. Siku ya vidonge. Na swali: tuje? Kisha akasogea mlangoni kupata hewa.

Machibya akaichukua kalamu ya Wilhelmina, akainama juu ya karatasi, akaongeza chini kwa Kiswahili: Daktari, mke wangu hajakosea hata siku moja. Kama nukta hiyo imeingia kwa sababu ya kuchelewa, niliyechelewesha ni mimi. Msimhesabie yeye. Sisi tuko tayari. Machibya.

"Kaka, Bombei hawasomi Kiswahili," Wilhelmina akamnong'oneza.

"Atatafuta wa kumsomea."

Wilhelmina akaiangalia, akamwangalia, akaitia mashineni. Mashine ikavuta, ikalia, ikatema kipande kidogo cha karatasi kusema ujumbe umefika. Ilikuwa saa sita na robo. Bombei saa tisa kasoro robo.

Wakakaa kwenye benchi. Saa saba Bi Kashindye akauliza kama huyo daktari anakula mchana. Saa nane mashine ikalia, wote watatu wakasimama pamoja, na ilikuwa karatasi ya mtu wa Kisumu anayeulizia nyavu. Wakakaa tena. Selina akamsogelea mumewe kidogo, si kwa kumsamehe, ila benchi lilikuwa fupi.

"Ilikwenda lakini?" akauliza.

"Ilikwenda. Imeandikwa hapa."

Saa tisa. Saa kumi, na Bombei jua lilikuwa linazama, ile jioni ya mwisho imeingia na jibu la njooni au msije bado. Wilhelmina aliinua mkono wa simu, akasikiliza kama laini iko hai, akaitikia kwa kichwa kwamba iko hai, akaurudisha taratibu. Mashine ikabaki pale mezani, taa yake ya kijani inawaka, na hakuna aliyeinuka benchini.